Waliopinga kurekebishwa kwa mawazo ya awali ya ukomunisti walikuwa wakilinda nini hasa?

Msomaji wa Kigamboni aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Katika kikundi chetu cha kusoma tumemaliza Ilani ya Kikomunisti ya mwaka 1848, na sasa tumeingia kwenye mabishano yaliyozuka baada ya waandishi wake, Marx na Engels, kufariki. Hapo ndipo tulipogawanyika. Wenzangu kadhaa wanaona kwamba kila aliyesimama kupinga urekebishaji wa mawazo yale alikuwa ni mtu aliyekataa kuona dunia inavyokwenda, aliyegeuza maandishi ya wanasiasa wawili wa Kijerumani kuwa kitabu kitakatifu. Wengine wanasema sivyo, kwamba wapinzani hao waliona mapema kuwa ukianza kuondoa tofali moja hapa na jingine pale, mwishowe unabaki na jina tu.

Kinachonitatiza ni kwamba shutuma ya urekebishaji imetolewa na karibu kila upande. Lenin wa Urusi alimtupia Mjerumani Bernstein, Peking, mji mkuu wa China, ikaitupia Moscow, na baadaye Tirana, mji mkuu wa Albania, ikaitupia Peking. Haiwezekani wote wawe wasaliti, na ni vigumu kuamini kwamba wote walikuwa waaminifu. Je, hawa waliopinga mabadiliko walikuwa wakilinda maandishi, wakilinda lengo, au wakilinda nafasi zao? Na je, kuna kipimo chochote cha kutofautisha kati ya kuendeleza wazo na kulitelekeza?

Naomba wenye kuyafahamu mambo haya wanijibu kwa mifano, si kwa kaulimbiu.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Msomaji, watu wengi huanza kisa hiki na Bernstein. Mimi ningependa tuanze na tukio la mwezi Machi 1895, kwa sababu linaonyesha kwamba maandishi ya awali yenyewe yalikwisha kuguswa kabla mabishano hayajaanza.

Engels alikuwa London, ana miaka 74, na alikuwa amebakiza miezi michache tu ya kuishi. Chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, SPD, kilikuwa kinataka kuchapisha upya makala za Marx kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Ufaransa kati ya mwaka 1848 na 1850, naye akaombwa aandike utangulizi. Wakati huohuo bunge la Ujerumani lilikuwa na muswada wa kuzuia kile ambacho serikali ilikiita uchochezi wa kupindua dola, na viongozi wa chama, ambao walikuwa wametoka kwenye miaka kumi na miwili ya sheria dhidi ya wasoshalisti iliyokoma mwaka 1890, waliogopa kurudishwa kulekule. Wakamwomba mzee apunguze makali. Engels alikubali kwa shingo upande kuondoa baadhi ya sentensi, zikiwemo zile zilizosema kwamba mapigano ya mitaani hayajafutwa kabisa katika siku zijazo, bali yatahitaji mazingira mengine na nguvu kubwa zaidi. Kisha gazeti la chama, Vorwärts, likachapisha dondoo zilizochaguliwa kwa namna iliyomfanya aonekane kuwa mtu wa amani anayeabudu sheria kwa gharama yoyote. Alikasirika, akamwandikia Karl Kautsky, mwananadharia wa chama, kulalamika. Mwezi Agosti mwaka huohuo alifariki, na matini kamili ilikuja kujulikana katika miaka ya 1920 tu, ilipotolewa huko Urusi ya Kisovieti.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu kwa karibu miaka thelathini watu walibishana juu ya mawazo ya awali ya Engels wakiwa wameshika karatasi iliyokatwa. Hata mwanamapinduzi Rosa Luxemburg, katika mkutano wa kuanzisha Chama cha Kikomunisti cha Ujerumani mwishoni mwa Desemba 1918, aliukosoa utangulizi huo kwa kuegemeza kila kitu kwenye bunge, ingawa alihisi kwamba Engels aliuandika chini ya shinikizo la wabunge wa chama. Hisia yake ilikuwa sahihi kuliko alivyoweza kuthibitisha.

Sasa tuje kwa Eduard Bernstein. Huyu hakuwa mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa rafiki wa Engels, aliishi uhamishoni London, na Engels alimwachia yeye na August Bebel, kiongozi wa chama, dhamana ya maandishi yake. Katika Programu ya Erfurt ya mwaka 1891, Kautsky aliandika sehemu ya nadharia na Bernstein sehemu ya madai ya utekelezaji, na mara nyingi nimejiuliza kama ufa mzima haukuwa tayari umo ndani ya waraka huo: nusu ya kwanza inasema ubepari lazima uanguke, nusu ya pili inadai siku ya kazi ya saa nane na haki ya kupiga kura kwa wote.

Kuanzia mwaka 1896 Bernstein alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la Die Neue Zeit, kisha kitabu mwaka 1899. Hoja zake zilikuwa za takwimu kuliko za falsafa. Alisema idadi ya wenye mali haipungui bali inaongezeka, kwa kuwa hisa za makampuni zinatawanyika mikononi mwa wengi. Kwamba wakulima wadogo na wa kati hawajamezwa na mashamba makubwa kama ilivyotarajiwa. Kwamba mikopo na miungano ya makampuni inalainisha migogoro ya kiuchumi. Na kwamba tabaka la kati halitoweki. Kwa hiyo, akasema, chama kiache kusubiri anguko kuu na kikubali kuwa kile ambacho tayari ni chama cha mageuzi ya kidemokrasia. Kile watu wanachokiita lengo la mwisho, kwake hakikuwa kitu. Harakati ndiyo ilikuwa kila kitu.

Luxemburg, aliyekuwa na umri wa miaka 27 na ndiyo kwanza amehamia Ujerumani, alimjibu kwa hoja ambayo mpaka leo sijaona iliyoizidi. Hakusema kwamba Marx hakosei. Alikwenda palepale Bernstein alipokwenda, kwenye mikopo na miungano ya makampuni, akaonyesha kwamba vitu hivyo haviondoi migogoro bali huihamisha na kuikuza, kwa kuwa mkopo humwezesha mzalishaji kuvuka mipaka ya soko na kisha hukauka siku ileile unapohitajika zaidi. Halafu akaongeza jambo ambalo ndilo jibu la swali lako: anayechagua mageuzi ya kisheria badala ya mapinduzi, na kuyaweka kinyume chake, hachagui njia ya polepole zaidi ya kufika palepale, anachagua mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo alichokuwa akikilinda ni lengo. Madai ya kila siku, vyama vya wafanyakazi na kura, vyote alivitaka, ila kama njia.

Lakini tazama yaliyofuata. Mkutano mkuu wa Hannover wa mwaka 1899 ulimpinga Bernstein, na ule wa Dresden wa mwaka 1903 ukaulaani urekebishaji kwa kura 288 dhidi ya 11, na sababu ya kura kuwa nyingi kiasi hicho ni kwamba hata wengi wa waliokuwa wakilaumiwa waliliunga mkono azimio hilo. Ignaz Auer, katibu wa chama, alikuwa amekwisha kumwambia Bernstein katika barua kwamba mambo kama hayo hayasemwi, hutendwa. Naona maneno hayo machache yanafafanua historia ya chama kile kuliko maazimio yote. Waliopinga mabadiliko walishinda kwenye karatasi, wakashindwa katika kila ofisi ya chama, kila chama cha wafanyakazi na kila kamati ya bunge, ambako kazi iliendelea kwa namna ya Bernstein bila kumtaja.

Tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wa SPD, waliokuwa 110 baada ya uchaguzi wa mwaka 1912, waliipigia serikali kura ya mikopo ya vita bila hata mmoja kupinga hadharani, ingawa 14 walikuwa wamepinga katika kikao cha ndani siku moja kabla. Na jambo la kushangaza ni kwamba Bernstein, aliyefuata mkumbo siku hiyo, aligeuka mwaka 1915 na kuipinga mikopo hiyo, na mwaka 1917 akahamia katika chama kipya cha wapinga vita pamoja na Kautsky, huku baadhi ya waliokuwa wakimrushia mawe kwa jina la usafi wa nadharia wakishangilia majeshi.

Kwa sababu hiyo mimi simpimi mtu kwa kama alibadilisha au hakubadilisha. Nampima kwa kama alisema waziwazi, mbele ya wanachama, kwamba anabadilisha nini na kwa nini. Kwa kipimo hicho Bernstein alikuwa mkweli kuliko wengi wa mahakimu wake.

Kada wa Zamani alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimefaidika na maelezo yako, hasa ya utangulizi wa Engels, lakini kipimo chako kinanipa mashaka. Umekizungumzia chama ambacho hakikuwa na dola. Mambo hubadilika kabisa urekebishaji unapofanywa na wenye dola, jeshi na mabomu ya nyuklia, na hapo ndipo wapinzani wake wanapostahili kusikilizwa kwa makini zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba mgogoro wa China na Umoja wa Kisovieti ulikuwa juu ya Stalin peke yake, kwa kuwa ulianzia kwenye hotuba ya siri ya tarehe 25 Februari 1956, ambayo Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alimshutumu humo Stalin, mtangulizi wake. Stalin alikuwa sehemu tu. Katika Mkutano Mkuu wa 20 wa chama cha Kisovieti Khrushchev alifundisha pia kwamba kuishi pamoja kwa amani na ubepari ndio msimamo wa jumla wa siasa ya nje, na kwamba katika nchi kadhaa tabaka la wafanyakazi linaweza kushika madaraka kwa njia ya bunge. Kisha mwaka 1961, Mkutano Mkuu wa 22 ukapitisha programu mpya iliyosema kwamba dola ya Kisovieti si tena udikteta wa wafanyakazi, bali ni dola ya umma mzima.

Hilo la mwisho ndilo ningependa kikundi cha Ndugu Msomaji kilitazame kwa karibu. Mwaka 1875 vyama viwili vya Ujerumani vilipoungana mjini Gotha, rasimu ya programu yao ilidai kujenga dola huru ya watu. Marx aliirarua rasimu hiyo. Engels naye alimwandikia Bebel kwamba maadamu dola ni chombo cha tabaka moja kulibana jingine, kusema dola huru ya watu ni upuuzi mtupu: matabaka yakiisha, dola nayo haina kazi, yakiwa bado yapo, dola haiwezi kuwa ya wote. Sasa mtu anayekuja miaka 86 baadaye na kuandika katika programu ya chama kinachojiita cha Marx na Lenin kwamba dola yake ni ya umma mzima, huyo hakuendeleza wazo. Amerudisha lilelile ambalo waasisi walilitupa kwa jina na kwa sababu. Wachina walipolisema hilo hawakuwa wakiabudu maandishi. Walikuwa wakiuliza swali la kweli: kama dola si ya wafanyakazi tena, na hakuna anayekiri kwamba ni ya tabaka jingine, basi ni ya nani?

Katika mkutano huohuo wa Oktoba 1961, Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alikwenda kuweka shada la maua kwenye kaburi la Stalin, ambaye mwili wake ulikuwa bado umelazwa karibu na Lenin, kisha akaondoka Moscow kabla mkutano haujaisha. Siku chache baadaye mwili wa Stalin ulitolewa humo. Wakati huo mafundi wa Kisovieti walikwisha kuondolewa China, tangu Julai 1960, na michoro ya viwanda kuondoka nao. Kwa hiyo msidhani kwamba waliopinga walikuwa wakipinga bila gharama.

Halafu zikaja barua. Peking ilitoa hoja zake 25 tarehe 14 Juni 1963, Moscow ikajibu mwezi mmoja baadaye, na kati ya Septemba 1963 na Julai 1964 magazeti ya Peking yakachapisha majibu tisa. Katika lile la tisa waliokota habari kutoka katika magazeti ya Kisovieti yenyewe, za mameneja wa viwanda waliokuwa wakifanya biashara ya siri kwa mashine za umma, wakasema: hili ni tabaka jipya linalochipuka ndani ya chama. Tazameni namna mali ya umma ilivyogawanywa nchini Urusi katika miaka ya 1990, na ni akina nani waliopata vipande vinono. Naomba mniambie kama onyo hilo lilikuwa kelele tupu.

Na kuhusu njia ya bunge, mwulizeni Salvador Allende, rais wa Chile. Alichaguliwa mwaka 1970, akaheshimu katiba, na tarehe 11 Septemba 1973 ndege za jeshi la nchi yake zikaishambulia ikulu yake.

Binti wa Unguja aliandika:

Wazee wangu, nawaamkia. Nina mchango mfupi, kwa sababu naona mjadala umekaa Ulaya na Asia ilhali ugomvi huu ulifika mpaka milangoni mwetu.

Mwezi Februari 1963 Mkutano wa tatu wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia ulifanyika Moshi, chini ya Kilimanjaro. Wajumbe wengi walikuja na habari za ukoloni wa Mreno na za ubaguzi wa Afrika Kusini. Walichokutana nacho ni ujumbe wa China na ujumbe wa Kisovieti wakipimana nguvu juu ya nani ndiye rafiki halisi wa mapinduzi. Hapa kwetu Zanzibar, mwaka uliofuata, serikali ya mapinduzi ilikuwa na Abdulrahman Mohamed Babu, mwanzilishi wa Umma Party, aliyekuwa karibu na Peking, na ilikuwa na Abdallah Kassim Hanga, aliyesoma Moscow. Kwa hiyo tofauti ambazo Ulaya zilikuwa za aya na vifungu, huku zilihesabika pia kwa nani amemwalika nani, na nani ataleta madaktari na silaha.

Lakini ugumu mkubwa zaidi kwetu ulikuwa mwingine. Mawazo ya awali yalidhani kuwepo kwa tabaka kubwa la wafanyakazi wa viwandani, nasi tulikuwa na wachukuzi wa bandarini, wakulima wa karafuu na wavuvi. Ukiyachukua kama yalivyo, hayakutoshi. Ukiyabadilisha, unaitwa mrekebishaji. Mwalimu Nyerere aliukwepa mtego huo kwa kukataa kuingia ndani yake. Katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 alisema wazi kwamba ujamaa wa Kiafrika haukuanzia kwenye mgongano wa matabaka, na mwaka 1968, katika utangulizi wa mkusanyiko wake wa hotuba uitwao Uhuru na Ujamaa, aliwashangaa wale wanaouendesha usoshalisti kama dini na kuyasoma maandishi ya Marx na Lenin kama msahafu. Babu alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1981, akishikilia kwamba hakuna usoshalisti wa Kiafrika, Kiasia wala Kizungu, kuna usoshalisti wa kisayansi tu, na kwamba kuyakana matabaka hakuyaondoi.

Mimi naona Babu alikuwa na hoja nzito kuhusu matabaka, lakini sioni haki ya kumwita Nyerere mrekebishaji. Mtu hawezi kushtakiwa kwa kubomoa nyumba ambayo hakuwahi kuhamia.

Msomaji wa Kigamboni aliandika:

Nawashukuru wote. Naomba niwasukume kidogo. Mwalimu ameweka kipimo cha uwazi, Kada ameweka kipimo cha kulinganisha na walichokikataa waasisi wenyewe. Lakini Marx na Engels nao walibadilika. Kama waasisi waliruhusiwa, kwa nini wafuasi wasiruhusiwe? Na je, wale waliopinga mabadiliko kwa sauti kubwa zaidi, yaani Wachina na Waalbania, hawakubadilisha kitu wao?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Marahaba, Kada, na marahaba, binti yangu.

Ndugu Msomaji, waasisi walibadilika kweli, na namna walivyofanya ndiyo iliyonipa kipimo changu. Mwaka 1872 waliandika dibaji mpya ya Ilani. Humo walisema kwamba sehemu kadhaa za programu ile zimepitwa na wakati, na kwamba Komyuni ya Paris ya mwaka 1871, serikali ya wafanyakazi iliyodumu kwa muda mfupi, imethibitisha kuwa wafanyakazi hawawezi kuichukua tu mashine ya dola iliyokwisha kutengenezwa na kuiendesha kwa faida yao. Hata hivyo hawakuigusa matini. Walisema Ilani imekuwa waraka wa kihistoria, nao hawana tena haki ya kuubadilisha. Waliacha cha zamani kionekane kama kilivyo, wakaweka kipya kando yake, wakatia saini na tarehe, wakataja tukio lililowafanya wabadilike. Mwaka huohuo Marx alisema mjini Amsterdam kwamba katika nchi kama Marekani na Uingereza huenda wafanyakazi wakafikia lengo lao kwa amani. Mwaka 1881 alimwandikia Vera Zasulich, mwanamapinduzi wa Kirusi, kwamba maelezo yake ya jinsi wakulima walivyonyang'anywa ardhi yalihusu Ulaya Magharibi tu, kwa hiyo jumuiya ya kijiji ya Kirusi haikulazimika kufa. Linganisheni hayo na yule mhariri wa Vorwärts aliyechagua dondoo.

Lenin naye, aliyewaandama warekebishaji tangu mwaka 1902, alipoanzisha Sera Mpya ya Uchumi mwaka 1921 na kuruhusu soko la nafaka na biashara ndogo, hakuiita hatua ya mbele. Aliwaambia wanachama wake kwamba huko ni kurudi nyuma.

Sasa, Wachina na Waalbania. Kada ametutajia Chile, na mfano wake ni wa haki kabisa dhidi ya Moscow. Lakini angemalizia. Baada ya Allende kuangushwa, Umoja wa Kisovieti ulivunja uhusiano na utawala wa kijeshi. China iliendelea kuwa na ubalozi wake Santiago. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, Februari 1972, Mao, kiongozi wa China, alikuwa amempokea Nixon, rais wa Marekani, huku mabomu ya Marekani yakidondoka Vietnam. Kuishi pamoja kwa amani na ubepari, kulikoitwa usaliti mwaka 1960, kukageuka kuwa diplomasia. Nyani haoni kundule.

Albania ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu ilikuwa nchi ndogo na ilikuwa na mtu mmoja aliyeamua kila kitu. Enver Hoxha alimshambulia Khrushchev uso kwa uso katika mkutano wa vyama 81 mjini Moscow, Novemba 1960. Nchi yake ikajiondoa katika Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi ulioongozwa na Moscow, mwaka 1968, ikaandika katika katiba ya mwaka 1976 kwamba ni marufuku kupokea mikopo ya kigeni, na mwaka 1978 ikaachana hata na China. Huyo hakubadilisha maandishi. Lakini mwaka 1967 alizifunga misikiti na makanisa yote na kulitangaza taifa lake kuwa halina dini, jambo ambalo huwezi kulipata kwa Engels hata ukimsoma kinyumenyume. Mwaka 1874 Engels aliwacheka wafuasi wa Blanqui, mwanamapinduzi wa Kifaransa, waliotaka kufuta dini kwa amri. Kwa hiyo aliyejiita mlinzi wa mwisho wa mawazo ya awali aliongeza lake bila kusema kwamba ameongeza.

Na kuhusu zile barua za miaka ya 1963 na 1964 zinazomsisimua Kada, aliyeongoza ujumbe wa China katika mazungumzo ya Moscow ya Julai 1963, na aliyesimamia uandishi wa majibu tisa, ni Deng Xiaoping, yuleyule aliyefungua milango ya soko kuanzia Desemba 1978. Alipokutana na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, mjini Peking mwezi Mei 1989, alikiri kwamba pande zote mbili zilisema maneno mengi matupu, na kwamba yeye mwenyewe alishiriki kwa kiasi kisicho kidogo.

Kada wa Zamani alijibu:

Nakubali habari za Santiago na za Nixon, Mwalimu, na sitazitetea. Ila Deng kuyaita maneno matupu si ushahidi kwamba yalikuwa matupu. Kwa mtu aliyekwisha kufungua soko, ilikuwa na faida kwake yaonekane hivyo.

Pia bado sikubaliani nawe kuhusu uwazi. Bernstein alikuwa muwazi, na uwazi wake ulimfikisha wapi? Tarehe 15 Novemba 1959, mjini Bad Godesberg, chama chake kilipitisha programu ambayo asili ya usoshalisti imetajwa kuwa maadili ya Kikristo, ubinadamu na falsafa ya kale, na jina la Marx halimo hata mara moja. Yote yalifanyika mchana kweupe, kwa kura, mbele ya wanachama. Kwa kipimo chako hiyo ni sifa. Kwa kipimo cha Luxemburg ni mahali pengine, na walifika huko wakiwa wamebeba bendera ileile nyekundu.

Kwa hiyo Ndugu Msomaji, kama kikundi chako kinakubali ushauri, msianze na Bernstein wala na Khrushchev. Anzeni na maoni ya Marx juu ya programu ya Gotha, ni kurasa chache tu, kisha msome programu ya Kisovieti ya mwaka 1961 sura kwa sura mkiwa na kalamu mkononi, na kila mnapokutana na neno dola mwulizane ni ya nani.